Vidonge vya damu havimnenepeshi mtoto tumboni

Ujumbe ule umerudi tena kwenye makundi ya simu, Unguja na Pemba: mjamzito akimeza vidonge vya damu, mtoto hukua kupita kiasi na mama huishia kupasuliwa. Si kweli. Vidonge hivyo ni madini ya chuma na foliki asidi (aina ya vitamini). Huongeza wekundu wa damu, maana mimba huhitaji damu nyingi. Mtoto mkubwa mno mara nyingi hutokana na kisukari cha mama, uzito wake au mimba kupitisha siku.

Nadhani kilichochanganya watu ni hiki: chuma hupunguza hatari ya mtoto kuzaliwa na uzito mdogo, na hilo likasikika kama "humnenepesha". Choo cheusi nacho huwatisha wengi. Ni mabaki ya chuma tu. Kichefuchefu kipo kweli, mwambie mkunga. (Chai isubiri kidogo baada ya kidonge, maana huzuia chuma; maji ya ndimu au chungwa husaidia chuma kuingia mwilini.)

Kuhakikisha kwamba vidonge vinaongeza damu ni rahisi. Kliniki hupima wekundu wa damu: chini ya gramu 11 kwa desilita kwa kawaida ni upungufu. Linganisha vipimo vya kabla na baada ya vidonge kwenye kadi yako ya kliniki. Ujumbe ukikufikia usiusambaze, hata kama umetoka kwa wifi.