Sintesaiza ikihama noti haijafa

Hapa Mtwara utasikia watu wakisema sintesaiza ya analogi (kinanda kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme) ikianza kuhama noti, yaani sauti kupanda au kushuka yenyewe, basi imekufa, ipelekwe kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Si kweli, na inaniuma sana. Minimoog, sintesaiza ya aina hiyo iliyoundwa Marekani mwaka 1970, hupanga noti kwa volti: ikiongezeka volti 1, sauti hupanda oktavo 1, yaani kutoka do hadi do ya juu yake. Transista zake huhisi joto, kwa hiyo noti huhama mpaka chombo kipate moto. Iwashe, iache kama nusu saa, ndipo uitune.

Adui wa kweli huku pwani ni hewa ya chumvi. Hula viunganishi vya kibodi, swichi za kuzungusha zikaanza kukwaruza. Fundi asafishe hapo kwanza, kabla hajashika lehemu. Na ule mtikisiko mdogo wa noti unaobaki? Usiuondoe, ndio unaoinonesha besi yake.