Je, wajua? Gitaa la makaratasi lililowaumbua wapenda mbao ghali

Mwaka 1862, huko Hispania, fundi Antonio de Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake hazikuwa za mbao. Zilikuwa za makaratasi yaliyoshikanishwa kwa gundi, kitu cha ukoo mmoja na boksi la viatu. Ukiacha shingo, sehemu kubwa aliyoiacha iwe ubao halisi ni uso, yaani ule upande wa mbele wenye tundu. Gitaa likapigwa, likaimba. Leo limehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya muziki mjini Barcelona.

Torres hakuwa ameishiwa mbao. Alikuwa na hoja: mlio wa gitaa hutoka usoni, na sehemu nyingine zote ni wasindikizaji. Ukiielewa hoja hiyo, utaelewa pia kwa nini gitaa kavu (lisilotumia umeme) lililotengenezwa na fundi mmoja kwenye karakana yake linaweza kuuzwa kwa bei ya gari, na kwa nini wanunuzi wengi wanaolipa bei hiyo hujisifia upande usiohusika.

Fanya jaribio dogo. Weka simu yako kwenye mtetemo, ishike mkononi, mtu akupigie. Utasikia mnong'ono tu. Sasa ilaze juu ya meza ya mbao: meza nzima inanguruma. Simu haijaongeza nguvu; imepata eneo pana la kusukuma hewa. Uzi wa gitaa ni kama ile simu mkononi. Ni mwembamba mno, hupita hewani kama kisu na hewa haishtuki. Kinachosikika ni uso, ambao huvutwa na kusukumwa na nyuzi kupitia kile kibao kidogo zilipofungwa.

Kwa hiyo uso unatakiwa uwe mwepesi, utikisike kwa urahisi kama ngozi ya ngoma iliyowambwa vizuri. Lakini hapo hapo unabeba mzigo. Nyuzi 6 za chuma zikishakazwa hadi kwenye sauti zake, huvuta kwa nguvu ya kilo 70 na ushei. Ni kama mtu mzima ananing'inia pale, mchana na usiku, miaka nenda miaka rudi. Nyuzi za nailoni huvuta karibu nusu ya hapo. Mzigo wote huo hubebwa na ubao wenye unene wa milimita 3 hivi, ukisaidiwa kwa ndani na fito nyembamba zilizogundishwa. Torres alizipanga fito 7 kama upepeo uliokunjuliwa. Kwenye magitaa ya nyuzi za chuma, zile kubwa hupishanishwa kama herufi X.

Uso ukiwa mnene, gitaa halivunjiki wala haliimbi. Ukiwa mwembamba kupita kiasi, litaimba vizuri ajabu kwa miaka miwili, kisha tumbo litavimba na shingo itainama. Gitaa zuri huishi katikati, karibu na mpaka wa kuharibika. Na mpaka huo hauko mahali pamoja kwa kila ubao.

Mbao inayotumika zaidi usoni ni sprusi, mti wa nchi za baridi, jamaa wa misonobari. Sifa yake ni kwamba ni nyepesi, uzito wake ni kama theluthi ya mpingo wa ujazo uleule, ila kwa kufuata nyuzi za mti ni ngumu kupinda. Tatizo ni kwamba mti haukui kwa kipimo cha karani. Mbao mbili zilizopasuliwa kutoka gogo moja zinaweza kutofautiana, moja ikawa kakamavu na nyingine legevu. Halafu kuna hesabu isiyo na huruma: ukakamavu wa ubao hufuata unene wake mara tatu, yaani unene kuzidisha unene kuzidisha unene. Punguza ubao kutoka milimita 3 hadi 2.7, na umeshapoteza zaidi ya robo ya ukakamavu wake. Hiyo milimita 0.3 ni kama karatasi 3 za daftari.

Sasa unaweza kuelewa kwa nini fundi wa magitaa anagonga. Anaushika ubao kwa vidole viwili, si pembeni kabisa, bali kama robo ya urefu kutoka ukingoni, mahali ambapo kidole hakizuii mtetemo. Anausogeza karibu na sikio na kuugonga katikati kwa fundo la kidole, kama mama anavyogonga tikiti maji sokoni kabla ya kutoa pesa. Ubao mfu hutoa "tap", basi. Ubao hai hulia "ngooong" na sauti hubaki hewani. Anapiga randa mara mbili tatu, anagonga tena. Sauti inashuka kidogo. Anaukunja kwa viganja kusikia unavyokataa. Randa, gonga, kunja. Akishagundisha fito anazikwangua kwa patasi, huku akiendelea kugonga, hadi mahali ambapo mwenyewe anajua pa kusimama.

Kiwanda hakina muda wa kugonga. Uso unapita kwenye mashine na kutoka na unene uliopangwa, wa leo sawasawa na wa jana. Na kwa kuwa hakuna kiwanda kinachotaka magitaa yarudi yakiwa yamebinuka, unene huo hupangwa kwa kumhofia ubao legevu kuliko wote. Ubao kakamavu ukipita hapohapo hubaki mnene kuliko unavyohitaji, na gitaa lake huimba kama mtu aliyezibwa pua. Mara mojamoja ubao na kipimo vinaoana kwa bahati, linatoka gitaa la kiwandani linaloshindana na la fundi. Ndiyo maana mpigaji mzoefu akiingia dukani hujaribu magitaa matano ya aina ileile, bei ileile, kabla ya kuchagua moja.

Nikisoma habari za mafundi wa leo, ninayempenda zaidi ni Wayne Henderson, aliyezaliwa 1947 na anayeishi Rugby, kijiji kidogo sana milimani Virginia, Marekani. Kazi yake ya mshahara ilikuwa kusambaza barua vijijini. Magitaa aliyafanya nje ya saa za posta. Sehemu kubwa ya uchongaji, zikiwemo zile fito za ndani, huifanya kwa kisu cha mfukoni, aina ambayo wengine humenyea chungwa. Eric Clapton, mpiga gitaa maarufu wa Uingereza, aliagiza gitaa kwake na akasubiri karibu miaka 10. Umaarufu haukumsogeza mbele kwenye foleni. Mtu mmoja, kisu kimoja, sikio moja: kazi ya namna hiyo haiharakishwi kwa kuongeza vibarua.

Torres naye alijua hivyo. Kisa kinachosimuliwa na padri aliyekuwa rafiki yake ni kwamba aliombwa asiende kaburini na siri yake. Akajibu kuwa hana namna ya kuiacha, kwa sababu siri yenyewe iko kwenye ncha za kidole gumba na cha shahada, vinavyomwambia kama uso umefikia unene wake. Wengine husema alikuwa anakwepa swali. Mimi naona alikuwa anajibu kwa usahihi kabisa. (Na msidhani ustadi huo ulimtajirisha. Miaka ya 1870 fundi huyu, ambaye umbo la gitaa alilolibuni ndilo linalofuatwa hadi leo, alirudi kwao Almería na kufungua duka la vyombo vya kaure.)

Tuje sasa kwenye mgongo na mbavu, maana hapo ndipo pesa nyingi huteketea. Kwa miaka mingi mbao iliyotukuzwa ilikuwa ya mti wa Brazili uitwao kitaalamu Dalbergia nigra. Ulikatwa mpaka mwaka 1992 biashara yake ya kimataifa ikapigwa marufuku, na kilichobaki ghalani kikawa kama dhahabu. Mafundi wakaanza kutafuta ndugu zake, na ndugu mmoja yuko kwetu: Dalbergia melanoxylon, mpingo. Mti uleule wa vinyago vya Wamakonde na wa klarineti (ala nyembamba ya kupulizwa), kutoka Lindi, Mtwara na ng'ambo ya Ruvuma huko Msumbiji. Fundi akiugonga ubao wa mpingo unalia kama kioo, na wengi wanaapa kwamba hakuna mbao inayoukaribia.

Shida ni umbo la mti wenyewe. Mpingo hukua polepole, ni mfupi, umejipinda, na moyo wake mweusi mara nyingi una nyufa. Klarineti inataka kijiti. Gitaa linataka mbao mbili pana, kila moja kama sentimita 20 kwa zaidi ya 50, zisizo na ufa. Gogo la kutoa hizo ni la kutafutwa kwa tochi, ndiyo maana mafundi wengine huunga mgongo kwa vipande 4. Afadhali kidogo ni kwamba mwaka 2009 misitu ya vijiji wilayani Kilwa ilipata cheti cha kimataifa cha FSC, kinachotolewa kwa uvunaji usioharibu msitu, na wanakijiji wenyewe ndio wanaoamua mti upi ukatwe na kulipwa kwa gogo lao.

Lakini je, mbao ya mgongo inasikika? Watafiti wa Chuo Kikuu cha Lancaster, Uingereza, waliamua kuuliza swali hilo bila aibu. Fundi Roger Bucknall, mwenye karakana ya Fylde kaskazini mwa nchi hiyo, aliwatengenezea magitaa 6 yanayofanana kwa kila kitu isipokuwa mbao ya mgongo na mbavu. Moja lilikuwa la ule mti wa Brazili, mengine ya mahogani, sapele na nyinginezo za bei ya chini. Wapigaji 52 waliyajaribu kwenye chumba chenye mwanga hafifu, wamevaa miwani ya mafundi wa kuchomelea wasione rangi ya mbao. Matokeo yalichapishwa 2018: magitaa yote yalipata alama zinazokaribiana, na wapigaji walishindwa kuyatofautisha kwa uhakika. Miaka zaidi ya 150 baada ya Torres, jibu lilikuwa lilelile.

Sisemi mpingo ni bure. Ni mzuri kwa macho, unadumu, na mtu ana haki ya kulipia uzuri. Ila muuzaji akianza kukusimulia mgongo kabla ya uso, shika pochi yako.

Najua kwa sababu nilishaliwa. Miaka ya nyuma nilinunua gitaa lenye mgongo mweusi unaong'aa, nikaambiwa ni "mpingo mtupu", nami nikatembea nalo mjini kifua mbele. Mlio wake ulikuwa kama wa mtu anayeongea na shuka mdomoni. Siku moja rafiki aliniambia niangalie ukingo wa tundu la mbele. Kama uso ni ubao mmoja, ile mistari myembamba ya mti unayoiona juu huteremka moja kwa moja kwenye ukingo hadi ndani. Kama ni plaiwudi, utaona tabaka zimelaliana kama kurasa za kitabu.

Nikawasha tochi ya simu, nikachungulia. Tabaka tatu. Na kitambaa nilichofutia mgongo kikatoka na rangi ya viatu.