"Dokta, Usinichurie": Mtazamo Chanya Tunavyoutumia Vibaya

Ukitaka kunikera asubuhi na mapema, njoo ofisini, nikuulize kodi ya miezi sita ikiisha na hela hujapata utafanyaje, halafu unijibu: "Dokta, usinichurie. Mimi nawaza chanya tu." (Wananiita dokta ingawa kazi yangu ni ushauri nasaha na dawa siandiki.) Jibu hilo nalipata kwa wapangaji wa Mbagala, kwa wenye maduka Kariakoo, kwa wachumba wanaojiandaa kufunga ndoa, na kwa wababa wenye presha ambao hawataki hata kuiona mashine ya kupimia. Sasa nimechoka kulijibu mmoja mmoja.

Dhana: Ukilitaja baya, umeliita

Hofu ya uchuro tumekua nayo. Nani hakukaripiwa utotoni kwa kutaja msiba mbele ya mgonjwa? Juu yake zikaja klipu za hamasa za WhatsApp: tamka ushindi, waza utajiri na utajiri utakufuata. Mchanganyiko huo umetupa watu wanaoamini kwamba kupanga kwa ajili ya shida ni kukosa imani. Ni sawa na dereva wa daladala aliyebandika stika ya "Mungu Yupo" juu ya geji ya mafuta. Mungu yupo kweli, lakini gari litazimika Tazara abiria wakiwa ndani.

Ukweli ni kwamba kutarajia mema na kuota mema ni vitu viwili tofauti, na vinakwenda njia tofauti. Mwanasaikolojia Mjerumani Gabriele Oettingen alilionyesha hili mwaka 1991, pamoja na Thomas Wadden, walipowafuatilia wanawake waliokuwa kwenye programu ya kupunguza uzito Marekani. Walioamini kuwa wataweza walipungua zaidi. Lakini waliokuwa wakijichorea picha tamu, wameshakuwa wembamba na chakula hakiwasumbui tena, walipungua kidogo kuliko wenzao. Mwaka 2011 Oettingen na Heather Kappes wakaonyesha kwamba ndoto za namna hiyo hushusha nguvu ya mtu ya kuchangamkia jambo, hata namba ya juu kwenye kipimo cha presha inashuka. Mwili unatulia kana kwamba kazi imeshakwisha.

Tarajio lina ushahidi nyuma yake: mwaka jana nilikwama nikajikwamua, basi na safari hii nitapambana. Ndoto haijali jana ilikuwaje wala haiulizi kesho asubuhi unaanzia wapi.

Chukua mama lishe mmoja wa Buguruni mwenye mkopo wa kausha damu, ile mikopo ya riba ya kuumiza, rejesho kila Jumatatu. Alipokuja, njia yake ya kubaki chanya ilikuwa kutopokea simu za afisa mikopo. "Mungu atafanya njia, dokta." Nikamwambia, "Sawa mama, tuiandike hiyo njia." Tukachukua ukurasa mmoja. Juu akaandika anachotaka: kumaliza deni. Chini yake, kwa kununa kidogo, akaandika kinachomkwamisha: wikiendi wateja wa maofisini hawapo, na mchele wa biashara unaliwa nyumbani. Mwishoni sentensi moja ya "ikiwa": ikifika Alhamisi jioni sijafikisha nusu ya rejesho, nampigia afisa mikopo mimi mwenyewe, sisubiri Jumatatu. Deni lilibaki palepale, ila alianza kulala usiku. Alipoanza kulala, akagundua kwamba kila siku anapika maharage mengi kuliko yanayoliwa.

Sentensi hizo za "ikiwa" si uganga wangu. Peter Gollwitzer, mwanasaikolojia mwingine Mjerumani, amezitafiti kwa miaka mingi na zinasaidia watu kutekeleza walichokusudia. Langu ni moja tu, nalo nalishikilia: andika kwenye daftari, usiandike kwenye simu. Ukishika simu utaishia kwenye status za watu.

Hofu hii inanikera zaidi inapoingia kwenye afya. Saratani ya shingo ya kizazi ndiyo inayoongoza kwa wanawake wa Tanzania. Kipimo cha awali kinatumia siki, kinachukua dakika chache, na mabadiliko yakionekana mapema yanatibika kabla hayajawa saratani. Bado nakutana na mama msomi anayeniambia hapimi kwa sababu "nisije nikajitafutia". Wengine hawakati bima kwa sababu ni kujitabiria kulazwa. Hapo huwa nakosa hata maneno ya kitaalamu.

Dhana: Ukiwa na moyo wa furaha, saratani inapona

Hapana. Mwaka 2007 James Coyne na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 1,093 wa saratani ya kichwa na shingo, na hali ya hisia zao haikutabiri nani ataishi zaidi. Moyo mzuri unamsaidia mgonjwa kula, kulala na kutoacha kliniki, na hilo si dogo. Lakini mkienda kumtazama ndugu yenu pale hospitali ya saratani ya Ocean Road, msimwambie "usikate tamaa, utajiua". Ana saratani tayari, na sasa mmembebesha na lawama.

Dhana: Jisifu mbele ya kioo kila asubuhi

Inategemea wewe ni nani. Joanne Wood na wenzake, mwaka 2009, waliona kwamba watu wanaojidharau wakirudiarudia "mimi ni mtu wa kupendeka" hujisikia vibaya zaidi, kwa sababu moyoni wanabisha. Anayejiamini tayari hufaidika kidogo. Badala ya sifa, jikumbushe jambo moja ulilolifanya kweli jana, hata kama ni kufua.

Dhana: Basi mtazamo chanya ni porojo

Nikisema hayo yote, kuna anayerukia upande wa pili. Tulia. Utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 2019, uliowahusisha wauguzi wanawake na wanajeshi wastaafu wanaume, ulikuta wenye matumaini zaidi waliishi muda mrefu kwa wastani wa asilimia 11 hadi 15 kuliko wenye matumaini haba. Haimaanishi matumaini peke yake ndiyo yaliyowarefushia maisha; watu wa namna hiyo pia huvuta sigara kidogo na kufanya mazoezi zaidi. Kwangu hiyo ndiyo faida yenyewe: anayeamini kesho ina maana, leo anameza dawa zake za presha.

Dhana: Mwenye sonona ni mtu hasi tu, achangamke

Sonona ni ugonjwa. Mtu akishinda wiki mbili au zaidi hana raha na chochote, usingizi umevurugika, hataki kula au anakula kupita kiasi, usimwambie "chukulia poa". Msindikize hospitali ya rufaa ya mkoa iliyo karibu, kwa Dar es Salaam iwe Amana, Temeke au Mwananyamala, muulizie huduma ya afya ya akili. Akisema anataka kufa, mpeleke siku hiyohiyo na msimwache peke yake njiani.