Sarah Jane Smith anashushwa njiani

Ninaandika skripti za tamthilia, na mara nyingi nakaa pia na mhariri tukikata kilichopigwa. Katika kazi hii sijaona tukio linaloharibika upesi kama la kuagana. Mwandishi anajua mtazamaji atalia, mwigizaji anajua, mtu wa muziki anajua. Basi kila mmoja anatia chumvi yake, na mwisho wa siku chakula hakiliki. Mhusika anasimama uwanja wa ndege, anataja kila zuri alilotendewa tangu sehemu ya kwanza, kinanda kinalia, kamera inasogea taratibu usoni. Mtazamaji amekwishachukua simu yake, anaperuzi.

Nikiulizwa mfano wa kuagana kulikoandikwa kwa akili, huwa nawapeleka watu Uingereza, Jumamosi ya tarehe 23 Oktoba 1976. Siku hiyo BBC ilirusha sehemu ya nne na ya mwisho ya The Hand of Fear, hadithi mojawapo ndani ya Doctor Who.

Kwa asiyeufahamu mfululizo huo, ulianza tarehe 23 Novemba 1963. Mhusika mkuu anaitwa Daktari, kiumbe wa sayari ya Gallifrey mwenye sura ya binadamu. Anazurura katika nyakati na anga kwa chombo kiitwacho TARDIS, ambacho kwa nje ni kibanda cha buluu cha simu ya polisi na kwa ndani ni kikubwa kuliko kinavyoonekana. Akifikia hatua ya kufa mwili wake hubadilika, na hapo ndipo anapoingia mwigizaji mpya. Hasafiri peke yake. Huwa na mwenza, kwa kawaida binadamu, anayeuliza maswali ambayo sisi tulioko sebuleni tungeuliza. Waigizaji wa wenza hao hawadumu milele, kwa hiyo waandishi wa Doctor Who wamelazimika kuandika kuagana mara nyingi mno, na si mara zote walifanya vizuri. Mwaka 1966 mwenza aitwaye Dodo aliondolewa katikati ya hadithi akapumzike shamba, na mwishoni salamu zake zikaletwa na watu wengine. Mwenza mwingine, Liz Shaw, hata hilo hakulipata: msimu mpya ulipoanza tuliambiwa tu kwamba amerudi Cambridge. Kulikuwa na kuzuri pia. Mwaka 1973 Jo Grant alipata mchumba, na Daktari akatoka kwenye sherehe kimya kimya, akaondoka peke yake na gari lake usiku. Hilo ni tukio zuri sana, ila ni zuri kwa njia inayotarajiwa. Msichana anaolewa, mzee anabaki mpweke.

Sarah Jane Smith ndiye aliyekuja kuziba pengo la Jo. Aliigizwa na Elisabeth Sladen, mzaliwa wa Liverpool, na alitokea kwa mara ya kwanza Desemba 1973. Alikuwa mwandishi wa habari: mdadisi, mwenye mdomo, anayeogopa kama mtu yeyote lakini anakwenda hivyo hivyo. Alianza na Daktari aliyeigizwa na Jon Pertwee, akamshuhudia akifa na kubadilika mwaka 1974, kisha akaendelea na Daktari mpya, Tom Baker. Watazamaji wengi wa rika lile walimjua Daktari kupitia macho yake. Kumwondoa hakukuwa jambo dogo.

Mpango wa awali ulikuwa afe, katika hadithi ya Douglas Camfield iliyohusu Jeshi la Kigeni la Ufaransa. Hadithi hiyo iliachwa. Sladen naye alikuwa na ombi lake: Sarah asiuawe wala asiozwe, na hadithi nzima isigeuzwe kuwa ya kuondoka kwake. Kwa mtu wa skripti, ombi hilo ni zawadi. Kifo na harusi ni milango miwili ambayo mwandishi aliyechoka huikimbilia. Ukiifunga yote miwili, inabidi atafute mlango kwa mhusika mwenyewe.

The Hand of Fear iliandikwa na Bob Baker na Dave Martin, ikaongozwa na Lennie Mayne. Ni hadithi ya mkono wa jiwe unaofukuliwa kwenye machimbo, mkono wa kiumbe aitwaye Eldrad kutoka sayari ya Kastria, ambao unajijenga upya kwa nguvu za nyuklia. Sehemu mbili za mwanzo zinakwenda vizuri, hasa Sarah anapotekwa akili na pete iliyo kwenye mkono ule na kujipeleka mwenyewe hadi kwenye kinu cha nyuklia. Baada ya hapo mambo yanalegea. Ndege za kijeshi zinarusha makombora ya nyuklia kwenye kituo chenye kinu kile, na wahusika wetu wanajikinga nyuma ya gari. Ndiyo, gari. Tuyaache hayo. Kinachonihusu ni dakika chache za mwisho, ambazo maneno yake kwa sehemu kubwa yaliandikwa upya na Sladen na Tom Baker wenyewe.

Angalia wanavyoanza. Eldrad ameshindwa, wamerudi ndani ya TARDIS. Sarah bado amevaa ovaroli yake ya mistari. Daktari amejiinamia chini ya mitambo akitengeneza kitu, ananyoosha mkono tu akiomba vifaa, kimoja baada ya kingine, kila kimoja kina jina la ajabu. Sarah anampa, huku analalamika. Amechoka baridi, amechoka kulowa, amechoka kuchezewa akili na kupigwa risasi, amechoka na madude yenye macho ya kutisha, na bisibisi ile ya mawimbi ya sauti anayoitumia Daktari hataki hata kuiona. Daktari hasikii. Ameshughulika. Sarah anatangaza kwamba anafungasha vitu vyake anakwenda kwao, na anatoka kwa kishindo.

Tunacheka, kwa sababu tunajua haendi popote. Ni ugomvi wa watu waliozoeana, ule ambao mtu anatisha kuondoka ili abembelezwe. Na hapo ndipo skripti inapowatega wote wawili pamoja na sisi. Sarah akiwa chumbani anafungasha, Daktari anapokea mwito kutoka Gallifrey. Anaitwa nyumbani, na hawezi kwenda naye. Sarah anarudi amebeba sanduku, mmea wa kwenye chungu, raketi ya tenisi na bundi wa kuchezea, akisubiri kubembelezwa. Anamkuta Daktari amebadilika uso. Anarudia kwamba anaondoka. Daktari anashangaa amejuaje.

Tukio zima limeegemea swali hilo. Tishio la uongo limekutana na amri ya kweli, na maneno yanafanana. Sarah anahitaji muda kidogo kutambua kwamba mzaha wake umepokelewa kama ukweli, na akitambua anaanza kurudi nyuma haraka: alikuwa anatania, hawezi kuikosa Gallifrey. Anauliza kama Daktari anataka kubadilika mwili tena. Kwa mgeni swali hilo ni utani tu. Kwa aliyemfuatilia tangu 1973 lina uzito, kwa sababu Sarah alikuwepo safari ile ya 1974. Anauliza kwa kucheka jambo ambalo kwa kweli analiogopa. Daktari anajibu kwamba si safari hii.

Ningekuwa naifundisha sehemu hii darasani, ningesimama hapa muda mrefu. Skripti mbovu ingewapa wahusika nafasi ya kusema wanavyojisikia. Hii inawanyima nafasi hiyo kwa kuwashughulisha na mambo mengine: nani anataniwa, amri imetoka wapi, hapa ni wapi, vitu vibebwe vipi. Mikono ya Sarah imejaa. Hilo si pambo. Mtu aliyebeba chungu cha mmea na bundi hawezi kumkumbatia mwenzake kwa urahisi, na wanapokaribia mlango unaona jinsi vitu vile vinavyokaa katikati yao. Anamwomba asimsahau. Daktari anamrudishia ombi lile lile. Sarah anaaga kwa mzaha kwamba kusafiri hupanua akili. Daktari anasema tu: mpaka tutakapoonana tena. Kwaheri yenyewe haimtoki mdomoni.

Kuna jambo jingine ambalo watazamaji wengi hawalitaji lakini macho yao yanaliona. Enzi zile BBC ilirekodi matukio ya studio kwa kamera za video na ya nje kwa filamu. Picha ya video ni nyororo na inang'aa. Ya filamu ina chembechembe na rangi zilizopoa. Kwa hiyo Sarah anapotoka mlangoni, ulimwengu wenyewe unabadilika sura. Ndani ya TARDIS kulikuwa na mwanga wa jukwaa, nje ni barabara ya kawaida yenye nyumba za kawaida. Hakuna aliyekusudia ustadi huo, ilikuwa desturi ya bajeti tu. Lakini nimewahi kuona waongozaji wenye vifaa vya kisasa wakihangaika kutafuta tofauti ya namna hiyo wasiipate.

Kisha TARDIS inatoweka na Sarah anabaki na mizigo yake. Daktari amemwambia hapa ni Hillview Road, Croydon Kusini, jijini London, mtaani kwao. Anatazama huku na huku. Si Hillview Road. Huenda si Croydon kabisa. Kuna mbwa pale karibu, na ni yeye anayeambiwa kwamba bwana yule amekosea tena. Halafu Sarah anaanza kutembea akipiga mluzi wimbo wa zamani wa kumbi za burudani, ule wa mtoto ambaye baba yake hakumnunulia mbwa. Sladen hakuweza kupiga mluzi. Unaosikika ni wa Lennie Mayne, mwongozaji. Anainua uso kutazama angani, picha inaganda, basi.

Kosa lile la mtaa ndilo linalonivutia kuliko yote. Daktari si hodari wa kuendesha chombo chake, hilo tunalijua tangu mwanzo, kwa hiyo kumshusha mahali pasipostahili ni tabia yake kabisa. Linatuchekesha palepale tulipokuwa tunajiandaa kulia, na linamwachia Sarah kazi ya kufanya: atafute njia ya kwenda nyumbani. Mhusika mwenye kazi ya kufanya hahitaji kuomboleza mbele yetu.

Miaka 30 baadaye, Aprili 2006, Sladen alirudi katika sehemu iitwayo School Reunion, Daktari akiwa David Tennant. Humo Sarah anasema wazi kwamba alingoja na hakurudiwa, na tunaambiwa alishushwa Aberdeen, yaani Scotland, upande wa pili kabisa wa nchi. Mwishoni anamtaka Daktari safari hii aitamke kwaheri, naye anaitamka. Wapo wanaoona kwamba ndipo tukio la 1976 lilipokamilishwa. Mimi sikubaliani nao sana. Naelewa kwa nini watazamaji wa 2006 walihitaji kusikia maneno yale, na bila sehemu hiyo tusingepata mfululizo wa Sarah mwenyewe, The Sarah Jane Adventures, uliorushwa kuanzia 2007 na kukatizwa na kifo cha Sladen mwezi Aprili 2011. Lakini kiuandishi, neno lililotamkwa ni jepesi kuliko lile lililozuiliwa. Utani wa Aberdeen, kwa upande mwingine, nausamehe kabisa.

Ukitaka kuitazama, usiende moja kwa moja kwenye kipande cha mwisho kinachozunguka mtandaoni. Anza sehemu ya kwanza, vumilia hata lile gari na makombora. Malalamiko ya Sarah ya kuchezewa akili yanachekesha tu kama umemwona akitembea kuelekea kwenye kinu, macho makavu, mkono wa jiwe ukiwa ndani ya kisanduku chake.