Pampu siyo stori, stori ni kupishana

Juzi dogo mmoja anayesoma kemia hapa Dodoma kaniuliza, kaka, hiyo ekstraksheni ya mfululizo (kuhamisha kitu toka kimiminika kimoja kwenda kingine kisichochanganyika nacho, bila kusimama) si ileile ya faneli ya kutenganishia tu ila mmeifungia pampu? Nikamwambia chukua chupa, weka maji na mafuta ya alizeti, dondoshea sabuni kidogo, tikisa alafu nisubirie vitengane. Robo saa nzima bado ni rangi ya maziwa tu. Na hiyo ni chupa ya nusu lita, sasa vuta picha tangi la lita elfu mbili na shifti nzima imekaa inalikodolea macho.

Ila kusubiri siyo hasara kubwa, hasara iko kwenye solventi, yaani kile kimiminika kinachoivuta dawa toka kwenye maji. Chukulia una ml 100 za maji yenye dawa, na hiyo dawa inaipenda solventi mara 4 kuliko maji. Ukimwaga solventi ml 100 kwa mkupuo, asilimia 20 ya dawa inabaki kwenye maji. Ukiigawa mara nne, ml 25 ml 25, inabaki kama 6. Sasa zipishanishe, maji yanatokea huku solventi inatokea kule kama mabasi ya Dar na Singida, hatua tatu tu inabaki asilimia 1 na ushee, na solventi ni ileile ml 100! Kwa sababu solventi mpya inakutana na maji yaliyokwisha kukamuliwa, ile iliyoanza kushiba ndo inakutana na maji yenye dawa tele.

Penisilini ndo inaonyesha vizuri. Ili ihamie kwenye solventi ya butili asetati lazima maji uyatie asidi mpaka pH 2 hivi, na humo inaharibika fasta, kwahiyo inapozwa na kukimbizwa. Ndo maana tangu miaka ya 1940 viwanda vikatumia mashine ya Podbielniak, dramu linalozunguka kwa kasi mpaka vimiminika vinaachana vyenyewe, alafu dawa inarudishwa haraka kwenye maji ya pH 7 hivi, siyo asidi tena.

Kwa mitambo midogo siku hizi kuna membreni (utando mwembamba) ya Tefloni, inapitisha solventi inakataa maji, ila presha ikizidi tu na maji nayo yanapenya.

Mimi kilichonitesa ni joto. Oktoba, chumba cha bati, natumia solventi ya diklorometheni inayochemka kwa nyuzi 40, mrija wa kuingilia pampu ukajaa vipovu, mtiririko ukawa unakohoa. Nikahamia ethili asetati, hiyo inachemka kwa 77, vipovu vikaisha.