Dar hadi Mwanza kwa ndege: umbali, dakika na saa za kwenye tiketi

Abiria hutuuliza mara kwa mara: kama jeti inakwenda kilomita 800 kwa saa, mbona Dar es Salaam hadi Mwanza ni karibu saa moja na nusu?

Tuanze na umbali. Basi hupita Morogoro, Dodoma, Singida na Shinyanga, zaidi ya kilomita 1,100. Ndege haina kona hizo. Uwanja wa Julius Nyerere uko nyuzi 6.88 kusini na 39.20 mashariki, wa Mwanza 2.44 kusini na 32.93 mashariki. Ukitoa, unabaki na nyuzi 4.44 za latitudo na 6.27 za longitudo. Huku kwetu karibu na ikweta kila nyuzi ni takriban kilomita 111, iwe ya latitudo au ya longitudo. Basi ni kilomita 493 kuelekea kaskazini na 696 kuelekea magharibi. Tumia kanuni ya Pythagoras uliyosoma sekondari, utapata kama kilomita 850.

Hesabu hii usiende nayo Ulaya. Longitudo hubanana kadiri unavyosogea nchani. London, nyuzi moja ya longitudo haifiki hata kilomita 70. Huko hutumika kanuni ya duara kuu, yaani ya kupima njia fupi kabisa juu ya uso wa dunia iliyo mviringo, na programu za simu hukufanyia kazi hiyo.

Sasa gawanya 850 kwa 800: dakika 64. Lakini hizo ni za ndege iliyokwisha kufika juu na kushika kasi yake. Muda wa kwenye tiketi unahesabiwa tangu ndege inapoachia maegesho hadi inapoegeshwa tena. Humo mna kutembea ardhini, kusubiri zamu ya kuruka, kupanda, kushuka, na pengine kuzunguka ili itue ikiukabili upepo. Chini ya futi 10,000 jeti kwa kawaida haizidi noti 250, yaani kilomita 463 kwa saa. Shirika nalo huongeza dakika chache za tahadhari, na sioni ubaya.

Upepo una neno lake katika safari ndefu. London na New York zinatenganishwa na kilomita 5,500 na ushei. Kwenda New York ni kama saa nane, kurudi kama saba, kwa sababu upepo mkali wa juu huko huvuma kuelekea mashariki. Februari 2020, wakati wa dhoruba, Boeing 747 ya British Airways ilitoka New York ikatua London kwa saa 4 na dakika 56.

Kwenye tiketi, kila uwanja huandikiwa saa za kwake. Tuseme unaondoka Dar 16:00, yaani saa kumi jioni, unafika Dubai 22:30. Inaonekana ni saa sita na nusu, lakini Dubai imetutangulia kwa saa moja, kwa hiyo ni tano na nusu kwa kilomita karibu 4,000. Wakati wa kurudi, safari ileile kwenye tiketi itasomeka kama saa nne na nusu.