Je, wajua kwa nini sanrufu huoza kabla ya paa lenyewe?

Mwenye Mercedes ya zamani akiona rangi imefura lengelenge kwenye ukingo wa sanrufu, yaani lile dirisha la paa linaloteleza, hudhani mpira umechoka ukaruhusu maji kuingia. Ukweli ni kwamba maji yalitarajiwa kuingia tangu gari linaundwa. Utepe wa felti (kitambaa kizito cha nyuzi zilizoshindiliwa) au mpira unaozunguka kifuniko hupunguza maji na upepo tu, hauzuii kila tone. Yanayopenya huangukia kwenye mfereji ulio chini ya kifuniko, kisha huteremka kwa mirija, kwa kawaida minne, mmoja kila kona. Ya mbele hupita ndani ya nguzo za kioo cha mbele, ya nyuma hupita nguzo za nyuma na kumwaga karibu na magurudumu.

Kinacholeta balaa ni uchafu unaofuatana na maji hayo. Nakuru, mji ambao jina lake hufasiriwa kuwa mahali pa vumbi kwa Kimaasai, una vumbi laini na maua ya mjakaranda. Kisumu kuna wale wadudu wadogo wa ziwani wanaovamia taa usiku. Vyote huishia mferejini na kugeuka tope, mrija unaziba, na mvua ya alasiri inayotoka ziwani inakuta maji ya jana bado yamesimama. Felti nayo hunywa maji kama sifongo na kuyakandamiza kwenye ukingo wa bati mchana kutwa. Tena ukingo uliokunjwa ndio wenye rangi nyembamba kuliko sehemu yoyote, maana rangi ikiwa mbichi hujivuta kutoka kwenye makali. Chembe za mchanga zikisugua hapo kila unapofungua na kufunga, bati linabaki uchi. Kutu huanza upande wa chini, usioonekana. Lengelenge likitokeza juu, huko chini kazi imekwisha kuwa kubwa.

Kwa hiyo anza na mirija, hata kama kinachokuuma ni rangi. Fungua sanrufu, mimina nusu lita ya maji polepole kwenye kila kona ya mfereji, na mtu wa pili aangalie chini ya gari. Maji yasipotoka baada ya sekunde chache, chukua uzi mnene wa nailoni, wa milimita 2 hivi, kama ule wa mashine ya kukatia nyasi. Choma ncha kwa kiberiti mpaka iwe kidonge laini, kisha uusukume taratibu ukiuzungusha. Waya wa breki ya baiskeli una ncha kali na hutoboa mrija. Upepo wa kompresa ni mbaya zaidi: huung'oa mrija kwenye kona, na tangu siku hiyo maji yanamwagika ndani ya nguzo, yanalowesha zulia na nyaya zilizo chini yake. Kagua pia mwisho wa mrija. Baadhi huwa na mdomo wa mpira wenye mpasuko, na tope hujikusanya hapo hapo.

Kuna dawa ya haraka inayopendwa sana na ambayo ni kosa kubwa: kuziba mzingo wote kwa silikoni. Silikoni ya bei nafuu, ile inayonuka kama siki, hutoa asidi inapokauka, na asidi hiyo hula bati lililo uchi. Maji bado yatapata njia ya kuingia, ila sasa hayana njia ya kukauka.

Mirija ikishapita maji, ondoa kifuniko. Tenganisha betri. Katika Mercedes nyingi za miaka ya 1980 na 1990, ubao wenye kitambaa ulio chini ya kifuniko hushikwa na klipu upande wa mbele. Ukiutoa kwenye klipu unarudi nyuma, na skrubu za kifuniko zinaonekana pembeni. Kabla ya kulegeza hata moja, chora mstari kwa kalamu kuzunguka kila kishikio na upige picha. Usiguse mota wala kusogeza reli ya upande mmoja wakati kifuniko kimetoka, kwani pande mbili zikipishana kifuniko kitakaa mshazari.

Weka kifuniko juu ya blanketi, bandua felti, na uchokonoe kila doa la kutu kwa ncha ya bisibisi. Ikizama au ikitokea upande wa pili, bati limekwisha. Bati hili ni jembamba na moto wa kuchomelea hulipinda upesi, hivyo ni nafuu kutafuta kifuniko kizima kutoka gari linalouzwa vipuri. Kama ni la kuchomelewa, fundi achome nukta moja moja na kuacha lipoe, kifuniko kikiwa nje ya gari, mbali na kitambaa cha paa. Kama kifuniko chako ni cha kioo chenye fremu ya chuma, usitumie greinda karibu nacho. Cheche hujichimbia kwenye kioo na alama hazitoki.

Bati likiwa zima, kwangua rangi mpaka sentimita 3 kupita mwisho wa kutu. Anza na msasa namba 80, ufuate 180, umalizie kingo za rangi na 320 mpaka kidole kisihisi ngazi. Hapa ndipo wengi wanapodanganyika. Brashi ya waya ya kuzungushwa na mashine hung'arisha kutu, na vishimo vinabaki vyeusi, vinameremeta kama chuma safi. Vikwangue kimoja kimoja kwa ncha kali, kisha paka dawa ya kutu yenye asidi ya fosforasi. Iache ikiwa majimaji kwa muda ulioandikwa kwenye chupa, kivulini, maana jua la Kisumu huikausha kabla haijafanya kazi. Ioshe kwa maji kama maelezo yanavyosema, ukaushe mara moja kwa kitambaa na kikaushio cha nywele. Asidi ikibaki, praima ya epoksi, yaani rangi ya kwanza ya kulinda bati, haitashika.

Paka epoksi mara mbili, ukiingiza vizuri ndani ya mkunjo wa ukingo kwa brashi ndogo. Pati, yaani ule ujiuji mzito wa kujazia mashimo, hukaa juu ya epoksi, kamwe si juu ya bati tupu, kwa sababu pati hufyonza unyevu. Kwa gramu 100 za pati, gramu 2 za kigandishi, yaani kemikali ya kuifanya igande, zinatosha. Kwenye joto changanya kiasi kidogo, na usizidishe unene wa milimita 3. Namba ya rangi, kwa Mercedes nyingi za enzi hizo, iko kwenye kibati cha mbele chini ya boneti. Nyunyiza asubuhi umande ukishakauka, kwani hewa yenye unyevu huifanya rangi iwe na ukungu mweupe. Laka (rangi ya mwisho inayong'aa) ya kuchanganywa na kigandishi ina kemikali zinazodhuru mapafu, na barakoa ya vumbi haizizuii. Kazi hiyo mpe fundi mwenye barakoa ya hewa, au utumie rangi ya kopo isiyo na kigandishi.

Rangi ikishakomaa, pitisha nta ya kuzuia kutu ndani ya mkunjo. Gundisha felti mpya: kifuniko cha sentimita 80 kwa 45 kinahitaji mita 2.5, na mshono ukae nyuma katikati. Reli zipake grisi ya silikoni, si ya injini, ambayo hunasa vumbi na kufurisha mpira. Rudisha kifuniko kwenye alama zako. Ukingo wa mbele ukae sawa na paa au chini kidogo, usizidi milimita 1, na wa nyuma uwe sawa au juu kwa kiasi hicho hicho. Hivyo upepo hauingii kwa mluzi. Funga ukibana kipande cha karatasi, ukivute. Kikatoka kwa ukinzani ule ule mzingo wote, kaza skrubu, kisha mimina nusu lita tena kwenye kila kona kabla ya kurudisha ubao wa kitambaa.